Pedali Iliyolala Sakafuni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rosina Josephat
Umri: Miaka 36
Uraia: Mtanzania
Kazi: Mpishi, kampuni ya vyakula
Makazi: Al Nahda, Dubai

Mnamo tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi, nilikuwa Al Ras, mtaa wa maduka ya viungo, ndani ya gari la mizigo la kampuni yetu. Dereva alikuwa Mwanamkasi Idd, ninayeishi naye chumba kimoja. Nilikaa pembeni yake. Simu yake nilikuwa nayo mimi, namtafutia duka kwenye ramani.

Tulisimama kumpisha mpagazi mwenye mkokoteni. Mwanamkasi alikuwa ameshaweka gia ya kwanza, amekanyaga klachi. Ghafla gari likaruka mbele, na mguu wake bado uko kwenye klachi. Alipiga kelele, "Mungu wangu, klachi imekufa!" Akakanyaga breki, akakata usukani kulia. Tuligonga magunia ya ndimu kavu ya Mzee Humoud, mwenye duka, gari likazimika. Mpagazi hakuguswa.

Mwanamkasi aliondoa mguu. Pedali ikabaki imelala sakafuni. Akainama, akaivuta kwa mkono.

Mzee Humoud, ambaye ni mzaliwa wa Unguja, alisema dereva alikuwa anachezea simu. Nilipokataa aliniambia, "Wewe shoga yake, utasema nini?" Ni kweli ni shoga yangu. Arbab wetu, yaani mwenye kampuni, naye alisema gari ni zima, Mwanamkasi arudishwe kwao.

Leo fundi wa polisi, Bwana Zayd, amelijaribu gari hapa uani pa kituo cha polisi mbele yetu sote, arbab na Mzee Humoud wakiwepo. Alieleza, mkalimani akitafsiri, kwamba dereva akiondoa mguu, springi ya klachi husukuma mafuta yarudi, na pedali hupanda yenyewe. Akakanyaga, akaondoa mguu. Haikupanda. Akarudia. Haikupanda. Akatuonyesha mafuta ya klachi yanapovuja, ndiyo maana klachi iliachia ingawa ilikuwa imekanyagwa. "Dereva hana kosa," alisema.

Mzee Humoud alimwambia Mwanamkasi, "Khalas, yamekwisha. Nisamehe, mwanangu. Ungeyakwepa magunia yangu, ungeua mtu."

Mwanamkasi alipokabidhiwa leseni yake, iliyokuwa imeshikiliwa na polisi, nilipiga vigelegele. Askari aliniamuru ninyamaze. Sikunyamaza mara moja.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na popote nitakapoitwa nitayasema hivi hivi.

Sahihi: R. Josephat

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake kwa Kiswahili na mkalimani Amour, ameyathibitisha. Dereva ameachiwa bila shtaka. Gari limezuiliwa. Mwenye kampuni abaki kituoni ahojiwe kuhusu ubovu wa gari.