Nyekundu Mbili Zilizofuatana

Singe, Babati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Neema mdogo wangu, unapomsomea Mama barua hii msogelee, usipaze sauti. Nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja likizo Iringa. Posta sikuthubutu.

Mnaendeleaje hapo nyumbani? Lile goti limepona, Mama, au unalificha tu ili wasikukataze kukaa chini kusuka vikapu? Nakujua. Mimi mwili mzima, ila naogopa. Nikisikia hodi hata ya jirani, nachungulia kwanza dirishani.

Shule haina madaftari, basi nawatungia watoto hadithi ya upelelezi, naichora ubaoni kwa chaki. Ngoma ya shule imeibwa, ndugu wawili wanaitafuta. Nimewafundisha ulivyonifundisha wewe kwa milulu yako ya kusukia vikapu: pitisha kidole polepole, usishangae ua lililosukwa, tafuta linapokosea. Juzi nikachora ukuta wa nyumba ya mwizi, pembetatu nyekundu na nyeupe zinazopokezana. Nikawauliza, ngoma imefichwa wapi?

Rehema akaruka. Huyu ni binti wa kamanda wa mgambo, hao wanaopita nyumba kwa nyumba kusaka walioficha bidhaa.

"Hapa, Mwalimu! Nyekundu mbili zimefuatana!"

Darasa likapiga makofi. Mama, mimi alama yangu nilikuwa nimeiweka pembeni kabisa. Hiyo ya Rehema sikujua hata kama nimeichora.

"Na ukuta huu naujua," akaongeza. "Ni wa stoo ya kwa Mama Paulina, ninakochukua maziwa."

Mama Paulina ndiye mwenye nyumba wangu. Ukuta ule nautazama kila asubuhi nikipiga mswaki, na mkono wangu ulikuwa umeunakili pamoja na kosa lake.

Nilipofika nyumbani nikamweleza. Akakaa chini palepale jikoni.

"Mwalimu, umenimaliza."

Nyuma ya zile nyekundu mbili amefukia sukari na miche ya sabuni, alivyodunduliza kwa ajili ya harusi ya Paulina. Alipoziba tundu akachora upya kwa haraka, akakosea. Wakivikuta watamwita mhujumu uchumi, na wanaochukuliwa hapa hatujui wanarudi lini. Mwanamke aliyeninywesha uji nilipougua malaria, nimpeleke jela kwa chaki yangu!

Kuvitoa haikuwezekana, mgambo walikuwa tayari kwa jirani. Nikakoroga majivu na maji, nikabana pembetatu nyeupe katikati ya zile nyekundu.

Wakaingia. Kamanda akachungulia chini ya kitanda changu, akafunua debe la mahindi, akauliza kwa nini nina ndoo mbili. Rehema naye alikuwa amefuata maziwa na kikopo chake. Nikamwona anaelekea ukutani. Akapitisha kidole polepole, kama nilivyomfundisha, akafika pale, akasimama. Majivu yalikuwa bado mabichi. Akatazama kidole chake, kisha akanitazama mimi.

"Nini hicho mkononi?" baba yake akauliza.

"Chaki, baba. Ya shuleni."

Wakaondoka. Mama Paulina akampimia maziwa mpaka yakamwagika.

Utasema nimshukuru Mungu. Nimeshamshukuru, lakini woga haukuondoka nao. Mtoto mdogo vile amemdanganya baba yake kwa ajili yetu, na mimi ndiye niliyemtwisha. Siku moja ulimi ukimteleza mezani kwao, tumekwisha sote. Darasani hanyooshi tena mkono. Wewe kikapu kikikosewa hukifumua, Mama. Hiki nitakifumuaje?

Wenzake wananidai mwisho wa hadithi. Jana walipotoka, Rehema akabaki akijifanya anafuta ubao. Aliufuta hata palipokuwa safi, kisha akaninong'oneza:

"Mwalimu, ile ngoma isipatikane."

Nisalimie Baba Mdogo aliyeninunulia viatu vya kuanzia kazi, na Shangazi anayepiga kengele ya kanisa, aniombee bila kuuliza sababu. Neema, ukishasoma, karatasi hii iwashie jiko.

Ni mimi mwanao, ninayelala na kuamka nikikuwaza,

Anjela