Alama Kando ya Mlango Wangu

Nakuru,
Desemba 2008

Mama yangu,

Saa hii tu Neema amechovya vidole kwa uji wake akachora miguu ya ndege sakafuni, kutoka kwa jiko mpaka kitandani, akaniambia nifuate. Nimefuata nimeinama kama nyanya mwenye mkongojo, na yeye anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Nikaona nikuandikie kabla hajamaliza uji wote hivyo.

Mko aje huko Kakamega? Kifua cha Baba kimeachilia? Na mguu wako? Sisi mwili ni mzima. Baba Neema bado yuko Naivasha kwa mashamba ya maua, atakuja Krismasi. Ni roho yangu tu, Mama, haijakaa chini tangu zile fujo za uchaguzi za Januari.

Ulisema nifunge vitu nirudi nyumbani kabisa. Wacha nikuambie vile karibu nirudi wiki iliyopita.

Asubuhi nilifungua mlango nimwage maji, nikakuta alama kwa ukuta, hapo kando ya mlango. Mistari mitatu imekutana chini, rangi kama damu iliyooshwa. Nikaangalia milango ya wapangaji wengine hapa ploti: hakuna kitu. Ni wangu tu. Unakumbuka ile nyumba yetu ya kwanza? Waliichora msalaba wa makaa asubuhi, jioni ikachomwa. Karai likaniponyoka. Nilisugua hiyo alama na mafuta ya taa na waya wa kuoshea sufuria mpaka vidole vikachubuka. Nikafunga nguo zetu kwa leso, nikamweka Neema chini ya kitanda, nikamwambia tunacheza kujificha.

Mama Shiru akagonga. Ni yule aliyetuficha kwake Januari, akatutafutia na hii nyumba karibu naye, na si wa kabila letu.

"Mama Neema! Mbona umejifungia kama kuku analalia mayai?"

Mama, hata yeye nilimwogopa.

"Toka bwana! Mtoto aone ndege!"

Kusikia ndege, Neema alichomoka akafungua kabla sijamshika. Mama Shiru akaingia akicheka. Akaona leso imefungwa, akanusa mafuta ya taa, akarudi mlangoni akaangalia ukuta uliosuguliwa. Kicheko kikaisha.

"Ulidhani ni kama ile ya Januari?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi pia uliniogopa?"

Mama Shiru akakaa kitandani, akaanza kumvalisha Neema viatu, polepole, bila kuniangalia. "Twende," akasema. "Ujionee na macho yako."

Kumbe ni mambo ya Krismasi! Wenye maduka na watoto wa shule wametengeneza flamingo wakubwa, wale ndege wa ziwa letu, wamewasimamisha huku na huku mjini mpaka mwaka mpya. Nyayo zao, ile mistari mitatu, zimechorwa kwa kuta zikuonyeshe njia ya kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Nyumba yetu iko kwa kona, ndiyo maana ikachorwa peke yake. Tukafuata. Wa sokoni amebandikwa vifuniko vya soda mwili mzima. Wa mbele ya duka la vitambaa amevalishwa sari, na mama Mhindi mwenye duka akamwambia Neema, "Usivute nguo yake wewe, huyu ni bibi harusi." Neema akamuuliza bwana yake ako wapi. Tulicheka, Mama. Nilikuwa nimesahau vile mji huu unakaa ukiutembea bila kuangalia nyuma.

Lakini wa mwisho amesimama kwa mtaa wetu wa zamani. Kufika pale, nilitaka kurudi. Mama Shiru akanishika mkono, na wake ulikuwa umelowa jasho kama wangu. Nikajua naye anaogopa. Tukaenda hivyo hivyo. Huyo ndege wamemtengeneza na mabati ya nyumba zilizoungua. Mbawa wamepaka pinki, shingo wameiacha na masizi yake. Neema akaishika. "Mama, hii ni mabati yetu?" Nikamwambia labda.

Sasa shida ni kwamba nilifuta alama ya kona, na watu wanapotelea hapa kwangu. Kutwa ni kugonga: "Mathe, ndege wa mwisho ako wapi?" Nafungua kidogo, natoa mkono, naonyesha na kidole. Ile leso bado iko nyuma ya mlango, Mama. Sijaifungua, sijaibeba.

Msalimie Baba, umwambie asitoke kwa baridi bila sweta. Msalimie dada yangu Rose, na shangazi Febe aliyenishonea nguo ya harusi, na

Ngoja, Mama Shiru ananiita nje. Anasema vijana waliochora nyayo wamekuja na mkebe wao wa rangi, wako hapa mlangoni, wanauliza kama nitakubali waichore alama tena. Neema ameshatoka na vidole vyake vya uji. Bado naogopa, Mama, lakini wacha nitoke niwaambie waichore chini kidogo, mtoto aifikie, na ile leso, nikirudi ndani nitaifungua.