Kugawa kwa Elfu

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki, na vyumba vyote vinanuka unyevu.

Mdogo wangu amerudi kutoka shuleni anakofundisha, ana fungu la karatasi za jaribio la kemia, tayari amezisahihisha. Alipokwenda kuoga niliinua ya juu. Sikukusudia kupekua — ni mazoea. Mtu aliyefanya kazi ya ukaguzi wa masomo ya lugha hawezi kuona wino mwekundu akapita kando.

Alama kamili. Ya pili, alama kamili. Lakini majibu yenyewe yapo uchi! Mwanafunzi kaandika "0.2" akaishia hapo. 0.2 nini? Gramu? Lita? Mbuzi?

Na huyu ndiye mwalimu aliyekuwa akikata nusu ya alama kwa kizio kilichosahauliwa. Wanafunzi wanamwita Mama Moli. Ukimjibu "mbili", anakuuliza "mbili nini?" Watu wazima wenye ndevu bado wanamkwepa njiani wasije wakaulizwa.

Alipotoka nikamwonyesha karatasi. Akacheka. Akasema amezeeka, huruma imemwingia.

Huruma! Mdogo wangu!

Jumatano, 5 Juni

Nimemwomba anifundishe hesabu za moli. Nilisingizia kwamba mjukuu wangu ataniuliza akija likizo. Sipendi uongo, na uongo wenyewe ulikuwa mbovu, kwa sababu mjukuu wangu anasoma historia. Hakugundua. Hilo nalo limenisumbua.

Tulikaa mezani jikoni. Alifundisha vizuri ajabu. Moli, dada, ni jina la idadi tu, kama dazeni. Ila vitu vyenyewe ni vidogo mno, huwezi kuvihesabu, kwa hiyo unavipima uzito. Moli moja ya kostiki, ile dawa ya kutengenezea sabuni, ina gramu arobaini. Ukiwa na gramu, gawa kwa arobaini, utapata moli. Ukiwa na moli, zidisha. Na kama imeyeyushwa majini, nguvu yake ni moli ngapi katika lita moja. Lita! Si mililita. Ukipewa mililita, usiguse kitu kingine kabla hujagawa kwa elfu. Alirudia hilo huku akigonga meza kwa kalamu.

Kisha akanionyesha namna ya kukata vizio. Kila namba na kizio chake. Lita iliyo juu inakatwa na lita iliyo chini, moli inakatwa na moli, na kinachobaki ndicho jibu. Kikibaki usichokitaka, umepotea njia, rudi ulikotoka.

Nikamwambia huo ni upatanisho wa sarufi, hakuna tofauti.

"Ndiyo unaanza kuelewa kemia," akasema. "Umechelewa miaka hamsini tu."

Tulicheka wote wawili. Kisha akasema atafanya mfano mmoja wa mwisho. Mililita 500, nguvu yake moli 0.1 kwa lita, kostiki gramu ngapi? Akaandika 500, akazidisha kwa 0.1, akapata 50. Akazidisha kwa 40. Elfu mbili. Akapiga mistari miwili chini ya jibu.

Kilo mbili za kostiki ndani ya nusu lita ya maji. Nilisubiri aone mwenyewe. Akafunga kalamu, akauliza kama nimeridhika.

Nikasema nimeridhika.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimshauri aende kwa daktari. Akasema ni presha tu, na presha haijawahi kumzuia mtu kugawa. Sikuwa nimetaja kugawa.

Jumamosi, 8 Juni

Mtunza maabara wa shule amekuja asubuhi, viatu vimejaa tope. Kijana mpole — kijana kwa kipimo changu, ana watoto watatu. Alinipa shikamoo kutoka getini, kisha akaanza kucheka kabla hajafika mlangoni.

"Mama, nimekuja kuuliza. Mwalimu kaniandikia oda ya kostiki ya mtihani wa vitendo. Gramu elfu nane! Stoo nzima haina hata kilo moja. Tunafanya mtihani au tunatengeneza sabuni ya mji mzima?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija. Hakusita hata kidogo.

"Nilikuwa nakupima wewe," akamwambia. "Siku hizi mnachukua karatasi bila kuisoma. Ni gramu nane. Umefaulu. Nenda."

Mtunza maabara akapiga makofi, akasema Mama Moli haishiwi mitego. Akaenda zake akiwa na furaha. Mimi nilikuwa natazama mkono wa mdogo wangu. Ulikuwa umeshika fremu ya mlango, na vidole vimekuwa vyeupe.

"Usinitazame hivyo, dada," akasema.

Jumapili, 9 Juni

Tumezungumza. Afadhali niandike jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kesho nitaanza kuipamba.

Anajua. Anajua tangu mwaka jana. Anasema hesabu ni kama ngazi aliyoipanda maisha yake yote gizani bila kutazama, na sasa anainua mguu na kipandio hakipo. Si kila mara. Siku nyingine vyote vipo. Ndiyo maana hathubutu kujiamini wala kutojiamini.

Anastaafu mwisho wa mwaka. Anachoomba ni kumaliza na darasa hili. Aliwapokea wakiwa hawajui kushika bomba la kupimia, na sasa wanakwenda kufanya mtihani wa mwisho. Akiondolewa leo, kitakachobaki midomoni mwa watu ni kwamba Mama Moli alichanganyikiwa. Kazi yake yote itafutwa kwa neno hilo moja.

"Wewe umenisahihisha tangu tukiwa wadogo bila kuombwa," akasema. "Sasa nakuomba."

Kila hesabu itapita mezani kwangu kabla ya kwenda shuleni. Ndivyo tulivyokubaliana. Nilikubali haraka mno. Sijui kama ni mapenzi, au ni aibu ya kuwa na ndugu atakayesemwa.

Jumanne, 11 Juni

Nimepitia maswali yake yote ya wiki. Makosa mawili, yote ya mililita. Nimeyarekebisha kwa mwandiko unaofanana na wake. Mimi! Niliyewahi kumfukuza mwalimu kwenye chumba cha mtihani kwa kumnong'oneza mtoto jibu.

Jioni akakumbuka kwamba hesabu ya asidi alimpa mtunza maabara mkononi, hukohuko shuleni. Akasema nisihangaike, hiyo ilikuwa rahisi.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda shuleni wakati yeye yuko darasani. Maabara ni chumba kirefu chenye masinki yaliyotoboka na dirisha moja lililozibwa kwa boksi. Mtihani wa majaribio ni kesho. Mtunza maabara alikuwa ameshapanga chupa, na ile asidi kali iko mezani, kifuniko bado kimefungwa. Ubaoni, kwa mwandiko wa mdogo wangu: asidi, mililita 167, ongeza maji hadi lita mbili.

Nikamuuliza kama ameikagua. Akasema imekaa sawa, mama, namba ndogo tu, siyo kilo nane tena. Akacheka.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kosa la kilo nane lilijipigia kelele lenyewe. Hili lilikuwa limekaa kimya, limevaa vizuri.

Nikaomba chaki. Lita mbili, moli 0.1 kwa kila lita kama mtihani unavyotaka: moli 0.2. Asidi ya chupani, lebo inasema, ina moli kumi na mbili katika lita. Gawa 0.2 kwa kumi na mbili: lita 0.0167. Zigeuze mililita, zidisha kwa elfu. Nilikata kila kizio kama nilivyofundishwa. 16.7. Siyo 167. Nilirudia mara ya pili kwa sababu nilitumaini mwenye kukosea ni mimi.

Mtunza maabara hakucheka tena. Akanionyesha mipira ya kuvutia maji kwenye mabomba ya kioo. Yote imepasuka. Watoto wanavuta kwa mdomo.

"Asidi mara kumi, mama. Kwa mdomo."

Akafuta namba ubaoni, akaandika 16.7. Kisha akasema maneno machache, bila kuniangalia: ile ya kostiki nayo haikuwa mtego, sivyo? Nikarudisha chaki mahali pake. Akasema yeye hawezi kulala na jambo hili. Atamwambia mkuu wa shule. Akaniomba radhi — yeye aniombe radhi mimi!

Nilirudi kwa miguu kwenye manyunyu. Sikumwambia mdogo wangu.

Alhamisi, 13 Juni

Mtihani umekwenda vizuri. Hakuna aliyeumia. Karibu wote walipata ile rangi ya waridi hafifu inayoonyesha kwamba asidi na kostiki zimelingana, kwa tone moja tu la mwisho. Mdogo wangu ameingia nyumbani akiimba. Amesema: "Umeona, dada? Hesabu yangu ya asidi hukuigusa, na imekubali."

Nikampakulia chakula.

Ijumaa, 14 Juni

Mkuu wa shule amefika saa kumi. Nilimfungulia mimi. Ni mwanamke mwenye adabu. Alipoanza kufundisha nilikagua somo lake na nikamkosoa bila huruma, na hajawahi kuninunia. Akabaki amesimama barazani, mwavuli unachuruzika.

"Mwalimu, hujawahi kunidanganya hata kwa alama moja. Nikikuuliza kama mdogo wako yuko sawa, utaniambia?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye msimamo. Hapakuwa na msimamo wowote. Nilikuwa nakimbia.

Sasa wako sebuleni. Mimi nimetumwa jikoni kuchemsha chai. Mlango haufungi vizuri tangu mvua zianze, mbao zimevimba, kwa hiyo nasikia kila kitu. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Wamezungumza habari za mtihani. Mdogo wangu amevaa gauni la bluu. Anadhani mkuu amekuja kumpongeza. Anatania kwamba safari hii darasa lake litaitia shule aibu kwa kufaulu kupita kiasi. Mkuu anacheka, ila kicheko chake ni kifupi.

Sasa mkuu anasema kuna hesabu inayomsumbua mwanawe nyumbani, hebu Mwalimu amsaidie. Anasema taratibu, kama mtu anayeweka glasi ukingoni mwa meza. Kostiki gramu ngapi, kwa mililita 250, nguvu yake iwe nusu moli kwa lita?

Mdogo wangu anafurahi. Anaomba kalamu. Anaeleza kwa sauti ile ya darasani: kila namba na kizio chake. Kostiki, moli moja, gramu arobaini. Vizuri. Nusu moli kwa kila lita. Vizuri. Mililita mia mbili na hamsini . . .

Anarudia: mia mbili na hamsini.

Gawa kwa elfu. Gawa kwa elfu, mdogo wangu.

Nasikia kalamu, kisha siisikii. Mkuu anamwambia hakuna haraka. Maji yamechemka, sijayaepua.

"Dada!" Sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka sukari. "Dada, hebu njoo kidogo."

Ni gramu tano. Robo lita, mara nusu, mara arobaini. Tano. Naweza kuingia na vikombe, nikaitamka nikipita nyuma ya kiti chake, na mkuu asiweze kuthibitisha lolote. Ndicho anachokiomba. Tulikubaliana.

"Dada?"

Mkuu anasubiri kuona nitaingiaje.