Haji wa Kadi ya Ngamia

Mpendwa Bi Muhsina,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu haraka kabla ya Mfunguo Pili kuandama, kwani nikikawia zaidi ya hapo nitajikuta nimevaa ihramu nimesimama mbele ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu na uongo wangu begani, na mimi wallahi sikukusudia kusema uongo, nilinyamaza tu, na kunyamaza kwenyewe kulianza kwa sababu ya uchovu na kikombe cha kahawa.

Mimi ni mtu wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Unguja, sasa niko Matrah. Baada ya yale ya mwaka sitini na nne tulitawanyika, shangazi yangu Bi Kheiria na mumewe Mzee Marhoon, ambao ndio walionilea tangu nina miaka minne, wakapata meli ya kuja huku Omani, na mimi nikaangukia Mombasa nikatafuta kazi melini, nikaanza na meli za mizigo na mwisho nikapata meli ndogo ya abiria, vyumba arubaini tu, inayowachukua Wazungu wenye nafasi zao ikawatembeza visiwa vya bahari ya Atlantiki, Madera na Kanari, kisha ikateremka nao bandari za jangwani, Agadir na Swera na nyengine za kusini zaidi ambazo hata gati hazina, meli hutia nanga mbali na watu wakapelekwa pwani kwa mashua. Kazi yangu ilikuwa mezani, kukunja vitambaa vikae kama ndege na kupiga kengele ya chakula, na siku za kuteremka nilifuatana nao nikiwabebea maji.

Basi mwaka jana nilimpelekea shangazi kadi ya picha kutoka bandari moja ya jangwani, msikiti mweupe na ngamia wamepangana mbele yake, na nyuma nikamwandikia kwa herufi za Kiarabu anazozisoma, kwamba nimefika salama, nimeswali hapa, na nimekuombea dua wewe na marehemu mzee. Hayo yalikuwa kweli tupu. Sikuandika ni wapi kwa kuwa nafasi ilikwisha, na kadi ikafika Matrah, kwa bahati yangu mbaya, siku zile zile mahujaji wako Arafa. Jirani zake wakaitazama ile kadi, wakawaona ngamia, wakauona msikiti, wakasoma "nimekuombea", na mimi ndiyo nikawa haji, sina habari, niko Tenerife napanga vijiko.

Mwaka huu Septemba, tuliposikia kwamba milango ya Omani imefunguliwa, niliacha kazi nikaja. Nilifika nimechoka, nyumba imejaa watu, wanawake wakapiga vigelegele, "Haji Sleyum! Haji Sleyum!", nikatiliwa kahawa, shangazi analia kwa furaha, sasa niambie, Bi Muhsina, pale mtu angeanzia wapi? Nikasema moyoni nitasema kesho, na kesho yake wakaja watu wengine.

Wakawa wananiuliza safari ilikuwaje, nami sikusema hata neno moja la uongo, nikawaambia tulikuwa watu wa mataifa mbalimbali, wazee kwa vijana, jua kali, wengi wamevaa nyeupe, tunamfuata mtu mmoja mwenye bendera ili tusipotee, na hivyo ndivyo walivyo watalii, kila mmoja na kofia yake nyeupe na kiongozi mbele na kibendera chake. Akaja Bwana Aflah, jirani yetu mwenye asili ya kijiji cha Yiti aliyehiji mara tatu, na yeye ndiye anayepokea gazeti lenu na kutuazima, akakaa mbele yangu.

"Haya Haji, na mlima uliupanda?"

"Niliupanda, bwana," nikasema, kwani kweli kiko kisiwa huko Kanari chenye mlima wa moto, ukitia kuni kavu shimoni zinawaka zenyewe, na wageni wanapandishwa wakatazame.

"Na vijiwe ulivitupa?"

"Nilivitupa." Kweli nilivitupa, ndani ya lile shimo.

"Saba?"

"Sikuvihisabu, bwana."

Bwana Aflah akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni, akasema, "Mashaallah, nnampenda haji mkweli! Hata mie mwaka wa kwanza hisabu ilinipotea!"

Tangu siku hiyo nikiingia msikitini nasogezwa safu ya mbele. Kuna na chupa ya maji ya chemchemi niliyokuja nayo kutoka melini, niliisahau juu ya meza, Bi Mahbuba wa nyumba ya pili akaiona, akauliza, "Ndiyo yenyewe, maji ya Makka?", nami nikaangalia dirishani, akanywa funda tatu kwa dua na goti lake likapoa, sasa kila mwenye maumivu anapita. Shangazi peke yake hajaionja. Anasema yeye anaingojea ya kwake, ya huko huko.

Haya yote ningeyavumilia, lakini Idi mosi shangazi alisema mbele ya watu kwamba mwaka huu anakwenda Makka, Sleyum atamshika mkono, na Mzee Marhoon naye atahijiwa, na watu wakaitika amin. Mzee Marhoon alikuwa ameshatia nia na kutoa pasi ya safari mwaka ule wa sitini na nne, yakatokea ya kutokea, na mwaka wa sitini na sita akafa hapa Matrah na nia yake kifuani, mimi niko baharini, sikumzika. Na mimi najua kwamba asiyejihijia mwenyewe hawezi kumhijia mtu.

Shangazi ameshanunua bafta nyeupe na kukata ihramu mbili. Akanionyesha, "Hii yako, na hii ya mzee wako." Nikamwambia shangazi, maiti havai ihramu, atakayehiji ni mtu mmoja, moja inatosha. Akanitazama tu, akaendelea kukunja. Naona uzee umeanza kumchukua.

Mkubwa wangu wa melini ameniandikia kwamba wanaanza safari mpya Januari na nafasi yangu iko. Nikimbie? Au niende Makka ninyamaze, kwani nani atajua? Kumwambia siwezi, Bi Muhsina. Shangazi alipoteza nyumba, akapoteza mume, na kitu alichobaki nacho cha kujisifia mbele za watu ni mimi. Nampenda kuliko roho yangu, na nikifikiria uso wake utakavyokuwa, naitoa barua ya meli nikaisoma tena.

Nifanyeje?

Haji Asiyehiji,
Matrah, 8 Mfunguo Mosi


MAJIBU YA BI MUHSINA

Sleyum mwanangu,

Jina hili nimekupa mimi, na majina ya jirani zako na ya shangazi nimeyabadilisha pia. Kadi ya ngamia ndiyo sikuweza kuibadilisha, maana bila yake hakuna kisa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilipofika kwenye zile ihramu niliacha kucheka, nikatafuta miwani nikasoma tena.

Tuanze na ulimi wako, unaouonea fahari kubwa. Unasema hukutamka hata neno moja la uongo. Hongera. Lakini uliyaona maneno yako yakitoka kinywani ni Kanari na kuingia masikioni mwa watu ni Makka, nawe ukanyoosha mkono utiliwe kahawa ya pili. Hiyo kwetu huku Mombasa tunaiita uongo, na nadhani hata Matrah haina jina jengine. Eti "niliangalia dirishani"! Kulikuwa na nini dirishani, meli?

Hata hivyo nakuelewa. Mtu aliyetoka kwao mwaka ule, akakaa miaka sita hana anayemwita kwa jina la ukoo wake, akafika akapigiwa vigelegele, si rahisi kuinuka kuwaambia watu nyamazeni, mmekosea. Siku ya kwanza nimekusamehe. Siku ya pili pia, kwa ajili ya uchovu. Lakini wewe umefunga Ramadhani nzima na jina lisilokuwa lako, umesogezwa safu ya mbele kila sala, na kila ukirukuu unajua. Hapo, mwanangu, nakuvuta sikio.

Kuhusu Mzee Marhoon mimi sitoi fatwa, mimi ni mama wa gazeti, kadhi yupo, kamuulize. Lakini umesema mwenyewe kwamba unajua. Basi usiniulize "nani atajua?" Ukienda ukaitikia kwa jina la mzee huku hujajihijia, yeye atabaki pale pale alipo na pasi yake ya mwaka wa sitini na nne, na mkewe atarudi nyumbani akiamini deni limekwisha, wala hatatafuta tena mtu wa kumhijia. Utakuwa umemnyima safari yake mara ya pili. Mara ya kwanza walimnyima watu wasiomjua. Wewe amekulisha kwa mkono wake.

Na hiyo meli iache iende. Wazungu hawatakufa njaa kwa kukosa kitambaa kilichokunjwa kama ndege.

Sasa nije kwa shangazi yako, ambaye wewe, mjuzi wa bahari saba, umeona kwamba uzee umemchukua. Kaa kitako unisikilize.

Bibi huyu ana chupa nyumbani ambayo mtaa mzima unainywa, naye haigusi. Anangoja ya huko huko. Tangu ufike, katika barua yako yote, wote wamekuuliza habari za Makka, mpaka Bwana Aflah na vijiwe vyake. Nimemtafuta shangazi katika maswali hayo, sikumkuta. Hivi mwanamke anayetamani Makka maisha yake yote, amekaa nyumba moja na haji, asiulize hata Kaaba ina ukubwa gani?

Halafu akakata ihramu mbili. Hii yako, hii ya mzee wako. Ukamfundisha kwamba safari moja ihramu moja, akakutazama akaendelea kukunja. Ningekuwepo mimi ningekupiga na ile bafta. Mwanangu, hakusema Mzee Marhoon atahijiwa mwaka huu. Alisema mwaka huu wewe utamshika mkono, na mzee naye atahijiwa. Hizo ni hija mbili. Ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya mzee, mwakani, Mungu akijaalia, nawe ukiwa umeshapata haki ya kumhijia. Shangazi yako ameshaipanga miaka miwili mbele, na wewe unamwona mzee wa kusahau.

Mimi niko Mombasa, huenda nimekosea. Lakini nimeshona nguo za watu wengi, na najua mwanamke hakati kitambaa asichokihitaji. Nani alimwambia, sijui. Labda alikuwa na shaka tangu siku ile ya kadi. Labda alikuona ukiangalia dirishani Bi Mahbuba alipoulizia maji, akajua. Angeweza kukuumbua siku yoyote mbele ya yeyote, asingekuwa na lawama. Amenyamaza kama ulivyonyamaza wewe, ila kwa kimya chako ulikuwa unajisitiri mwenyewe, na kwa chake anakusitiri wewe. Anangoja useme kwa mdomo wako.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hivyo utafanya ninavyokwambia. Majibu haya nakuletea kwa posta ya ndege, yatatangulia gazeti kwa wiki moja. Gazeti nalo litakuja, na umeshaniambia nani Matrah analisoma kabla yenu. Makusudi nimelichapisha, usinilaumu. Una wiki moja.

Siku utakayopokea hii, baada ya Alasiri, ingia kwa shangazi yako, kaa chini, usianze na Madera. Mwambie, "Shangazi, mimi sijahiji." Maneno matatu, kisha nyamaza, safari hii kimya chako kitakuwa na faida. Akilia, mwache alie, na wewe lia. Akikugombeza, stahamili, umeyataka mwenyewe. Halafu muulize ihramu yako ni ipi kati ya zile mbili, uone kama atakuuliza una maana gani.

Kwa Bwana Aflah nenda kwa miguu yako kabla gazeti halijafika, na ukubali kuchekwa. Atacheka mwezi mzima, kisha atakufundisha manasiki yote, ibada za hija moja moja, kwani hakuna kitu mtu aliyehiji mara tatu anachokipenda kuliko kufundisha. Bi Mahbuba mwambie maji yale yametoka wapi. Goti lake limepozwa na Mungu kwa dua yake, halitarudi kuuma kwa sababu ya habari. Na msikitini rudi safu ya nyuma mpaka utakaporejea kutoka Makka.

Dua uliyoiomba pale jangwani, msikitini, kwa ajili ya shangazi yako na marehemu, hiyo usiionee haya. Ndiyo iliyokuwa kweli katika kadi ile, na nadhani ndiyo iliyomfanya shangazi aithamini kadi yenyewe. Msimulie na safari yako yenyewe. Mwambie habari za bandari zisizo na gati, na Wazungu wanaomfuata mtu mwenye kibendera. Mwaka mzima wa kadi ile hakuna aliyekuuliza ulikuwa wapi hasa, na ninaweka rehani sindano zangu zote kwamba yeye anataka kujua.

Kisha mshike mkono uende naye. Mshike kweli, pale pana msongamano.

Na vijiwe ni saba, Sleyum. Safari hii vihisabu.

Bi Muhsina
Mombasa