Kaka Haji, Pretoria Walinikaribisha

Kaka Haji,

Nimerudi London tokea Jumapili na begi bado sijalifungua. Limekaa pale mlangoni, Mama analizunguka akenda jikoni, wala halisemi. Leo sikwenda kazini. Nimewapigia nikawaambia naumwa, wakaniambia pole. Nimekaa dirishani, chini Edgware Road inapiga kelele zake, mvua inanyesha na mikahawa ya Waarabu imewasha taa mchana. Naona nikuandikie wewe, maana ukimtoa Mama sijamwambia mtu mwengine yeyote habari za safari hii.

Nimekwenda Pretoria, kaka. Mji wako ule uliokuwa ukinisifia kwenye simu mpaka nikichoka. "Raya, njoo mwezi wa kumi, uone miti ilivyochanua, barabara nzima zambarau, utasema mtu kamwaga wino." Basi nimekwenda mwezi wa kumi. Ni kweli, miti imechanua. Maua yamejaa juu na yamejaa chini, watu wanasimamisha magari katikati ya barabara wapige picha. Nilitamani usiku mmoja upepo uje uyapeperushe yote.

Uwanja wa ndege alinihudumia msichana mdogo, kasuka nywele vizuri. Akaniuliza nimekuja kwa shughuli gani. Nikasema matembezi. Ningesema nini? Nimekuja kuona alipozikwa kaka yangu? Akagonga muhuri, akacheka nami, akanambia karibu sana, nifurahie nchi yao. Sikuulizwa swali la pili. Wewe umekaa kule mpaka ukazijua lugha zao, ukaoa kwao, ukazaa kwao, na kila nikikuuliza habari ya kibali unanambia, "Kinashughulikiwa." Mie nimepita kwa kijitabu cha buluu cha Kiingereza.

Lerato alikuja kunipokea. Sikujua nimtazame vipi. Unajua mwenyewe jina lake lilivyokuwa halitajwi humu ndani. Kwa Mama alikuwa "huyo mwanamke wa huko". Na mie nilipanda ndege nina hasira naye. Nilikuwa nikisema ni kwao pale, ni watu wake wale, vipi ashindwe kumwokoa mume wake? Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Kisha nikamwona kasimama, kakonda, kafunga kitambaa cheusi, na Zuhura kajificha nyuma ya sketi yake. Mtoto akatoa kichwa. Macho yako, kaka. Akasema, "Shikamoo, shangazi," halafu akarudi kujificha. Maneno yangu yote yakanipotea.

Siku ya pili akanitembeza. Alisema wewe ulimwambia kitambo, dada yangu akija mwanzo tumpeleke kule kilimani kwenye majumba ya serikali. Basi tukenda. Bustani zimepangwa ngazi kwa ngazi, majani yamekatwa kama kapeti, na lile sanamu kubwa la mzee aliyenyoosha mikono, kama anataka kuukumbatia mji wote. Kulikuwa na basi zima la watalii. Kijana anayewaongoza alikuwa anawaambia kwa Kiingereza kizuri kwamba mikono ile imenyooshwa kwa kila mtu, hata aliyetoka mbali. Lerato akacheka. Kicheko kifupi, kikavu. Mwanamme mmoja wa Kijerumani akajitolea kutupiga picha, na mie kwa ujinga wangu nikasimama nikapigwa. Ninayo kwenye simu. Tumesimama wote wawili chini ya ile mikono, hakuna aliyecheka.

Tulipokaa kwenye majani ndipo nilipomwambia anihadithie. Kwani sisi huku tuliambiwa nini? Tuliambiwa sukari imepanda, ukapelekwa hospitali, Mungu akakuchukua. Mama akasema Alhamdulillahi, angalau alikuwa mikononi mwa madaktari.

Lerato akanihadithia, hakulia. Alisema toka watu wa mtaani walipokuja kuvunja kibanda chako cha kutengenezea simu, dawa ya kununua ikawa tabu, ukawa unategemea ya bure ya kliniki ya mtaani. Kisha kliniki ikawekwa watu getini. Hawakuwa manesi wala walinzi. Majirani tu, wale wale wa mtaani, wamevaa fulana za namna moja, wanataka kitambulisho cha mwenyeji. Huna, rudi kwenu. Ulikwenda peke yako ukarudishwa. Ukamwambia mkeo, "Leo wana hasira, nitakwenda kesho." Ukarudishwa tena. Mara ya mwisho mlikwenda pamoja, kakushika mkono maana ulikuwa huoni vizuri. Akatoa kitambulisho chake. Wakamwambia, "Wewe ingia. Huyo abaki." Akaingia mbio kumtafuta nesi, nesi akamwambia na yeye anawaogopa, hapo nje hana amri. Alipotoka alikukuta umekaa ukingoni mwa barabara unaomba maji. Rafiki akaja na gari, mkenda hospitali kubwa ya mbali, huko walikupokea. Lakini ulikuwa hujitambui tena.

Nilimsikiliza, kaka, na unajua nilifikiria nini? Nilimfikiria yule bibi wangu wa Kingsbury ninayemhudumia, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, yule ninayekwambia anaimba akikoshwa. Na yeye ana sukari. Kila asubuhi nesi anapanda basi anakuja mpaka kitandani kwake kumchoma sindano, mie namshika mkono, na hakuna aliyewahi kumuuliza kazaliwa wapi. Asubuhi ile uliyokuwa umekaa barabarani huenda nilikuwa nimemshika mkono. Mkono wa mtu mwengine! Usifikiri lakini huku kwema. Wapo na huku wanaotamani kusimama getini, nawasikia kwenye basi, nawasoma. Bado tu hawajapewa nafasi.

Nikamwambia Lerato nataka kuiona kliniki. Akakataa. Akanambia kwa ukali, "Wewe utapanda ndege. Mimi nabaki na hawa. Mtoto wangu akipata homa nampeleka pale pale." Lakini asubuhi yake akamwacha Zuhura kwa mama yake, akavaa viatu, akasema twende.

Ni jengo dogo tu, kaka, la matofali, bati limepakwa rangi ya kijani. Mie nilikuwa nimejijengea ngome kichwani. Getini kijana mmoja amesimama, na mwanamke mtu mzima kakaa kwenye kiti cha plastiki na mwavuli wake wa jua. Lerato akaninong'oneza kwamba huyo ndiye jirani yenu wa nyumba ya tatu, yule uliyekuwa ukimtengenezea simu yake kila inapoanguka, na siku ile alikuwa amekaa hapo hapo.

Kijana akataka kitambulisho. Nikampa pasipoti. Akaigeuza, uso ukamchangamka. "London! Umepotea, dada? Unaumwa? Ingia, ingia, wewe ni mgeni wetu."

Mgeni wetu. Neno hilo hilo, kaka. Kwako lilikuwa tusi, na walikuwa nalo na jengine baya zaidi la kuwaitia Waafrika waliotoka nchi nyengine, wewe ulikuwa ukinicheka nikishindwa kulitamka. Kwangu likawa heshima.

Nikamwambia, "Lisome jina la mwisho." Akasoma, hakuelewa. Yule mwanamke akasikia, akanitazama, akamtazama Lerato, akashusha mwavuli. Nikasema, "Mimi ni dada yake Haji fundi simu. Mlimrudisha hapa."

Kisha yule mwanamke akasema polepole, "Hatukujua kama anaumwa kiasi hicho. Wengi wanajifanya. Angesema."

Lerato alikuwa nyuma yangu, sikumsikia kusogea. Akasema, "Alisema. Alikwambieni kwa Kitswana."

Yule mwanamke akaangalia chini. Kijana akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopewa mtu mzima kitu. Akasema, "Pole, dada. Sisi tunalinda vya kwetu tu. Lakini wewe kama unataka kuingia, ingia." Nikamtukana, kaka. Nikamtukana kwa Kiswahili, lile tusi ulilonifundisha wewe nyuma ya skuli nikapigwa kwa ajili yake. Na hakuelewa hata herufi moja! Akaendelea kunitazama kwa huruma. Sijapata kudhalilika maishani mwangu kama nilivyodhalilika mbele ya huruma ya yule kijana.

Wakati huo akatokea mwanamme mmoja, mkono kaufunga kitambaa, damu imepenya. Alipoona watu getini akasita, akageuka mwenyewe, hakuna aliyemfukuza. Lerato akasema huyo ni Mmalawi, anafanya kazi ya ujenzi pale nyuma. Sijui nini kiliniingia. Nikamkimbilia, nikamshika mkono ule mzima, nikamrudisha. Nikainua pasipoti nikamwambia yule kijana, "Huyu yuko na mimi."

Kijana akatazama pasipoti, akamtazama yule mama wa kitini. Yule mama akageuza uso. Kijana akasogea, tukapita.

Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Naomba ulisikie hili, Haji, kwa sababu tokea siku ile silali. Geti halikuwa na kufuli. Mkeo, mwenyeji, aliyezaliwa mtaa ule, alitoa kitambulisho pale hakusikilizwa, na mie niliyefika juzi nimepita na mtu nisiyemjua jina. Nesi akamshona mkono na wala hakuuliza kitu. Tulipotoka yule Mmalawi akanishukuru mpaka akataka kupiga magoti, nikamzuia, nikaona naanza kumchukia na yeye, maskini, kwa sababu yeye ameingia.

Kaburi lako nililiona mwisho. Watu wa msikiti wamekuzika vizuri, Mungu awalipe. Hakuna jiwe bado, kuna kibao chenye namba, na udongo umetitia upande wa kichwani. Nikakusomea. Sikuweza kusema jengine. Zuhura akaokota maua ya zambarau akakuwekea, na hayo sikuyachukia.

Sasa habari za Mama. Jumapili nilipoingia hata koti sijavua akaniuliza, "Walimtazama vizuri hospitali?" Nilikuwa nimejitayarisha kumdanganya njia nzima, ndege nzima. Nikashindwa. Nikamwambia yote, geti, kiti cha plastiki, ukingo wa barabara. Nilifikiri ataanguka. Hakuanguka. Adhana ya simu yake ilipolia akasali, alipomaliza akiwa bado mkekani akanambia, "Nipigie mke wa Haji."

Mke wa Haji. Miaka yote ile hakupata kulisema.

Nikampigia. Mama hajui Kiingereza cha kuzungumza na mtu, Lerato hajui Kiswahili. Walitazamana tu kwenye kioo cha simu. Mama akamwambia, "Umekula, mwanangu?" Na Lerato akafahamu! Akasema ndilo swali ulilokuwa ukimuuliza kila jioni ukirudi. Hapo ndipo alipolia, hakulia kilimani, hakulia getini, akalia hapo, na Mama akalia, na mie nimeushika mkono wa Mama ulioshika simu.

Lakini sitakuficha, na hasira ninayo kwa Mama pia. Kumbe maneno mawili yalikuwa yanatosha. Angeyasema wewe ukiwa hai, ungefurahi vipi! Sasa anataka kila siku apigiwe, anamfundisha Zuhura kuhesabu, anauliza ana viatu vya baridi. Nikiwasikia wanacheka huingia chumbani nikafunga mlango.

Watu wanaokuja kutoa pole wananambia nisamehe, moyo utapoa. Nawaitikia, nawapa chai. Wewe ungesamehe, najua, ungenambia yule mama naye ana shida zake, mumewe hana kazi. Mie siye wewe. Simsamehe, wala yule kijana na adabu zake, na usinidai jambo hilo nikija huko uliko.

Ninachokuahidi ni hiki. Likizo ya mwakani nimeshaiomba kazini. Nitarudi Pretoria, nitafikia kwa mkeo, nitakujengea kaburi lako, na kila asubuhi nitakayokuwa kule nitakwenda kusimama kwenye lile geti na pasipoti yangu mkononi. Atakayekuja anaumwa nitamshika mkono niingie naye. Wakinizoea wakanifukuza na mie, basi wanifukuze, wajue kwamba na London wanaifukuza.

Mama ananiita, chakula tayari. Lala, kaka yangu. Mungu akupe kivuli.

Nduguyo,
Raya