Itaanguka Lini?

Gahanga, Kigali
Jumapili mchana

Shikamoo Baba,

Kifua kimetulia? Mama anasema moshi wa kuchomelea mabomba ya mafuta umeanza kukukohoza tena, na wewe unasingizia vumbi la Nzega. Huku kwa Shangazi tu wazima, ila mvua imetuchosha. Barua hii nampa dereva wa basi la Kahama pale stendi ya Nyabugogo. Kwenye simu unanijua: "Ndiyo Baba, sawa Baba," salio linaisha sijasema kitu.

Leo nasema. Nina hasira, Baba.

Unakumbuka uliniambia mafuta ghafi yanaweza kuziba bomba hata kama hayajaganda kwa baridi? Mwalimu wa kemia katupa zoezi la hilo hilo. Ndani ya mafuta mna chembe nzito nyeusi, zinaitwa asfalteni. Zinakaa humo zimetulia. Ukizidisha kimiminika chepesi zinashikana, zinaanguka chini kama mashapo ya kahawa. Mafuta ghafi hatuna, kwa hiyo tunayeyusha lami kwenye thina ya rangi, ndiyo kimiminika chepesi chetu. Chupa inakuwa nyeusi tii, kwa macho huoni kitu. Basi unadondosha tone kwenye karatasi. Doa likitanda rangi moja, bado zimetulia. Likiwa na jicho jeusi katikati, zimeanza kuanguka.

Kila wawili walitakiwa kutabiri kama chembe za chupa yao zitaanguka. Watakaopatia ndio watasimama kuonyesha jaribio siku ya wazazi, siku ile uliyoombea ruhusa uje. Nilitaka unikute nimesimama mbele, Baba. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu.

Mwenzangu ni Aline, yeye ana maneno ya watu wawili. Alhamisi tukasema zitaanguka. Mwalimu akadondosha tone: doa safi. "Mmekosa."

Nikasema, "Mwalimu, tungoje kidogo."

"Sauti!" akasema Mwalimu.

Darasa likacheka. Mmoja nyuma akasema, "Mutanzania anaongea na chupa yake!" Nikakaa chini. Hapa Kinyarwanda changu ni cha kuokoteza, Kiingereza nakijua kwenye daftari tu, na Kiswahili nikikisema vizuri wanacheka zaidi.

Ijumaa asubuhi chupa ile ile, tone jipya: jicho jeusi! Nikampelekea Mwalimu karatasi. Akaitazama, akasema, "Kwamba zitaanguka, sawa. Wenye bomba watakuuliza lini. Tengeneza chupa nyingine, andika wakati wake, uilete Jumatatu. Ukipatia, nafasi yenu."

Jana nikaitengeneza. Nikabandika karatasi: Jumapili jioni. Nikaiweka dirishani, nikakataza mtu kuigusa. Leo tumetoka misa, namkuta Shangazi ameishika.

"Dawa yako ilikuwa imekaa tu mwanangu, nimeitikisa vizuri."

"Shangazi! Umeitikisa?"

"Kwani chupa ya dawa haitikiswi? Na hayo maandishi yako nitayaona vipi bila miwani?"

Nikadondosha tone. Jicho jeusi, na jua bado liko utosini: kutikiswa kumeziharakisha. Sasa utamfokea Shangazi? Nilienda bafuni nikafungulia maji, nikalia.

Nikampigia Aline. Akasema, "Wee sha, nani amemuona Shangazi wako? Futa jioni, andika mchana. Iko sawa kabisa!"

Kalamu nilikuwa nayo mkononi, Baba. Sitaki kukuficha, nilifuta herufi ya kwanza. Kisha nikakuona umekaa na wazazi wengine, unaniuliza kama unavyouliza siku zote, "Ulijuaje?" Ningekujibu nini?

Nikairudisha ile herufi. Chini yake nikaandika: Imetikiswa, imeanguka mchana. Nilipomwambia, Aline alinuna, akanikatia simu. Ana haki, nafasi ilikuwa yake pia. Kutengeneza nyingine siwezi, thina imekwisha. Na kinachoniudhi zaidi, huko kwenu mafuta yatasukumwa ndani ya bomba mchana kutwa, hakuna atakayeyaweka dirishani yatulie. Kwa nini sikuliwaza hilo kabla ya Shangazi?

Kesho nitalisema mbele ya darasa, wacheke. Nafasi pengine watapewa wengine. Ruhusa usiirudishe Baba, uje tu. Utanikuta viti vya nyuma na karatasi zangu mbili za madoa, na ukiuliza nitajibu kwa sauti.

Msalimie Mama, na bibi mzaa Mama anayenung'unika kuwa siandiki. Mdogo wangu Daudi mwambie baiskeli ni yangu bado. Shangazi anakusalimu sana. Anauliza ile dawa inatibu nini.

Mwanao mwenye hasira,
Furaha