Kilio cha Malkia wa Madungu

Jumanne, Madungu

Nilikataa katakata. Mume wangu Hamadi anageuza mchezo mmoja wa kale wa jukwaani kuwa filamu. Mimi ndiye malkia anayeua wanawe, naye akataka Asha wetu alazwe, afunikwe shuka kama maiti. Mtoto ametoka kwenye homa juzi tu!

"Mwanangu hafi hata kwa kuigiza," nikamwambia. "Funga mlango, kamera ibaki nje, nilie ndani. Watazamaji wataelewa."

Nikalia kwelikweli, uchovu wote ukanitoka. Mara jirani yetu Bi Time huyo, kaingia mbio, mkeka kwapani: "Nani katutoka?"

Asha akamrukia, anaomba ubuyu.

Hamadi hakuzima kamera. Eti hilo ndilo onyesho lenyewe. Bi Time kakubali abaki kwenye filamu, ila arudie kuingia, maana alitoka na kanga ya jikoni.